Picha Isiyo na Jina

Chumba nilichokuwa nikisomea picha hakikuwa na dirisha. Zamani kilikuwa stoo ya mashuka ya hospitali. Rafu zilipoondolewa ziliingizwa meza mbili, viwambo vinne na kiyoyozi kisichojua kiasi. Humo ndimo nilimoshinda karibu miaka mitatu, nimejitanda shali juu ya buibui, nikitazama tezi za wanaume nisiowajua. Tezi dume ni kitu kidogo, mfano wa tunda la kungu, imejificha chini ya kibofu. Wengi hufika uzeeni bila ya kujua kuwa wanayo mpaka siku itakapowasumbua.

Utafiti wetu ulikuwa na swali moja. Mwanamume akishukiwa kuwa na saratani ya tezi hiyo, huchomwa sindano kadhaa kuchukuliwa vinyama vya kupima, na mara nyingi sindano hizo huchomwa kwa kukisia. Picha ya mashine ya sumaku, ile MRI, yaweza kumwonyesha daktari mahali penyewe pa kuchoma, au kumwambia kwamba hapana haja ya kuchoma. Lakini picha kamili huchukua muda mrefu na huhitaji dawa ya kudungwa mshipani. Sisi tulitaka kujua kama picha fupi, isiyo na dawa, itaona kile kile. Wasomaji tulikuwa wawili. Mwenzangu alisoma picha hizo hizo kwa siku zake, na hatukuruhusiwa kuambizana tulichokiona. Kila picha ilikuja na nambari tu. Hatukujua jina la mtu, wala mtaa wake, wala majibu ya damu yake. Tulitia alama kutoka moja hadi tano, tano ikiwa ndiyo mbaya kuliko zote, kisha tukafungua nyingine.

Siku ya kuanza nilitia sahihi karatasi mbili. Ya kwanza ilisema sitamwambia mtu yeyote nilichokiona katika picha yoyote. Ya pili ilisema nikitokea kumtambua mwenye picha, nimwarifu mkuu wa utafiti siku hiyo hiyo. Hii ya pili nilikaribia kuicheka. Mtu atamjua nani kwa tezi yake?

Mimi ni mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, na nimeolewa humo humo, mitaa miwili kutoka kwetu. Nyumba ya wakwe zangu ni ya ghorofa mbili. Juu tunakaa mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, na chini anakaa baba mkwe wangu, mjane tangu mama mkwe alipofariki. Alikuwa karani wa godauni Shimanzi, mtu wa kupima magunia ya kahawa na kuandika. Mwaka ule nilioolewa alianguka kutoka juu ya mrundo wa magunia akavunjika nyonga ya kushoto. Alifungwa kwa skrubu tatu, mbili ndefu na moja fupi, kwa kuwa siku ile haikupatikana ya tatu ya kimo kile. Nilikuwa bi harusi wa miezi minne, na yeye alijua kwamba nimesomea picha. Akaniita barazani, akanipa filamu yake ya eksirei na kuniomba nimwonyeshe. Niliinua filamu dirishani, nikamwonyesha skrubu moja moja kwa ncha ya kidole. Nadhani hayo ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo kwa miaka mingi. Mkwe ni heshima. Nilimpikia, nilimfulia kanzu zake, nilimuuliza habari za mguu. Naye aliniita mama, akaniombea dua, na mambo ya mwili hayakutajwa baina yetu tena.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi nilipofungua picha ya thelathini na moja.

Picha za mwanzo za kila mgonjwa huwa pana, mashine ikijitafutia mahali kabla ya kuikazia jicho tezi. Kwenye nyonga ya kushoto mlikuwa na vivuli vitatu vyeusi vilivyolala sambamba. Chuma kilichomo mwilini hufanya hivyo, huila picha pembeni yake. Vivuli viwili vilikuwa virefu, kimoja kifupi.

Nilijiambia Mombasa imejaa wazee waliovunjika nyonga. Nikashuka kwenye tezi. Upande wa kulia, kwa nyuma, palikuwa na doa. Sehemu ile kwa mtu mzima wa afya huwa nyeupe, na doa hili lilikuwa jeusi, kingo zake zimetawanyika kama wino uliomwagika kwenye karatasi mbichi. Nikafungua picha ya aina ya pili, ionyeshayo jinsi maji yanavyotembea ndani ya nyama, na pale pale palipokuwa na weusi pakawaka. Sikuwa na la kubisha. Nilitia tano, nikafunga faili, nikabaki nimekishika kipanya bila ya kufungua nyingine.

Nilipaswa kusimama nikaenda moja kwa moja kwa mkuu. Sikwenda. Nataka niseme ukweli kuhusu hili, kwa sababu nimewahi kulisimulia mara mbili tatu nikajipendelea. Sikwenda kwa kuwa wasomaji tuliofundishwa kazi ile tulikuwa wawili tu, na msomaji akimtambua mshiriki huenda akaondolewa. Utafiti ule niliulea tangu ulipokuwa kurasa nne za maombi. Nilijiambia sina hakika. Nilijiambia pia kwamba hata kama ni yeye, daktari wa kliniki atamwita, atamwambia, atatibiwa, na mimi sitahitaji kufungua mdomo.

Jioni nilipoingia alikuwa ameketi barazani na redio yake.

"Masalkheri, Baba."

"Masalkheri, mama. Habari za kazi?"

"Njema, alhamdulillahi."

Akanitazama kitambo kuliko kawaida yake, kisha akarudi kwa redio. Nikapanda ngazi haraka.

Siku zilizofuata niliishi nyumbani mwangu kama mtu aliyefungiwa. Nilikuwa nimeanza kuona yale ambayo kwa miezi yalipita mbele ya macho yangu. Alikuwa ameacha kukaa darasa zima la msikitini baada ya Alasiri, aliondoka katikati. Hakunywa tena chai ya pili. Safari ya Lamu, harusi ya mpwa wake, aliikataa akasingizia mguu. Kazi yangu ilikuwa kuona, na hayo yote niliyaona nikayapa majina mengine.

Mume wangu ni fundi wa mitambo bandarini, mtu wa maneno machache. Aliniuliza mbona sili. Nikamwambia kichwa. Siku ya pili akaniuliza tena, nikamwambia kazi nyingi. Aliyekuwa akiniuliza ni mtoto wa yule mzee, na mimi nilijua juu ya baba yake jambo ambalo yeye hakulijua, na nilikuwa nikimpakulia wali. Sikupata kumficha kitu kikubwa kabla ya hapo. Nilijifunza kwamba siri ya namna ile haikai moyoni peke yake. Hukaa kwenye shingo na kwenye mikono. Nilivunja bakuli mbili wiki ile.

Alhamisi niliondoka kazini mapema nikakodi tuktuk kwenda Changamwe kwa dada yangu mkubwa. Nilitaka mtu wa kunishauri. Tulipofika Kibarani tukakuta malori yamesimama kutoka mwanzo wa daraja la Makupa hadi upeo wa macho, hayaendi mbele wala nyuma. Dereva akazima injini. Nikakaa mle ndani karibu saa nzima, bahari huku na huku, nikipanga nitakavyoanza kumwambia dada. Kila sentensi niliyoipanga ilikuwa inavunja karatasi niliyotia sahihi. Nikisema "nina mgonjwa", atauliza nani. Nikisema "ni mtu wa karibu", dada yangu si mjinga. Mwishowe niligundua kwamba hakuna hata neno moja ninaloweza kumpelekea. Nikamwomba dereva, pakipatikana nafasi, ageuze. Akanitazama kwenye kioo chake kidogo, akageuza.

Jumanne ya pili nilikuwa nakunywa chai na muuguzi wa kliniki, yule aliyekuwa akiwaandikisha washiriki. Alikuwa mwanamke mpole, mzoefu, asiyetaja majina hata kwa bahati mbaya. Akalalamika, kama mtu anavyolalamikia mvua, kuwa mshiriki wake wa thelathini na moja hapokei simu. Amempigia siku nne. Daktari anamtaka aje aambiwe majibu na achukuliwe vinyama. Akisema hivyo alikuwa akichovya mkate. Akaongeza kwamba akishindwa kumpata wiki ile atamwandika kuwa amejitoa.

Mchana ule nilirudi nyumbani kula, jambo nisilolifanya mara nyingi. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Simu yake ikalia. Akaitazama nambari, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akaniambia mchuzi wa leo umekolea ukwaju vizuri.

Sikurudi kwenye chumba cha picha. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa utafiti. Alikuwa daktari wa kike, mzaliwa wa kisiwani, wa ukoo wa Kihindi wenye maduka ya nguo tangu enzi za babu zao, na Kiswahili chake kilikuwa kikavu na safi. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliniuliza swali moja tu.

"Umejua tangu lini?"

"Siku tisa."

Akavua miwani, akaiweka juu ya karatasi. Hakunigombeza. Nilitamani angenigombeza. Aliniambia kuanzia saa ile sitasoma tena picha, na nilizozisoma tangu Jumatatu ile zitasomwa upya na mtu mwingine, na pengine zote. Alisema hawezi kuutetea utafiti mbele ya watu ikiwa msomaji mmoja alikaa na jambo kama lile siku tisa. Nikamwambia nimeelewa. Kisha nikamuuliza juu ya yule mzee.

"Majibu ni ya daktari wake kumpa," akasema. "Wewe huna ruhusa ya kumwambia alicho nacho, wala kumwambia kwamba umeona. Lakini sijui sheria inayomkataza mke wa mtu kumwambia baba mkwe wake aipokee simu yake."

Nilifikiri nitamwambia jioni ile. Nilimkuta barazani na wageni wawili. Jumatano alikuwa na mwanawe. Alhamisi nilishuka na kahawa, tukawa peke yetu, nikaimimina, nikamuuliza habari za mguu, nikapanda juu na sinia. Nilikuwa mwanamke mtu mzima niliyezungumza mbele ya kumbi za madaktari kuhusu tezi dume bila ya kupepesa macho, na sikuweza kumwambia mzee mmoja aipokee simu, kwa kuwa simu ile ilikuwa inahusu sehemu ya mwili wake ambayo mimi na yeye hatukutakiwa kujua kuwa ipo.

Ijumaa baada ya Alasiri tulikwenda ufukoni Mama Ngina, sote, kama tulivyofanya mara kwa mara. Watu walikuwa wengi. Mume wangu akawachukua watoto kununua mihogo, na foleni ilikuwa ndefu. Mimi na baba mkwe tukabaki kwenye benchi la saruji tukitazama mkondo wa kuingilia bandarini. Meli ya makontena ilikuwa ikipita karibu, ndefu, haina mtu anayeonekana.

"Baba," nikasema, "kuna nambari inayokupigia. Naomba uipokee."

Hakugeuka. "Nambari gani?"

"Waijua."

Aliitazama ile meli mpaka ikamaliza kupita. Kisha akasema maneno ambayo sikuwa nimeyatayarishia moyo.

"Nalikuwa nakutazama wewe. Kila jioni ukiingia, nakutazama uso. Wakati wa kunisomea ile fomu waliniambia picha zitasomwa na watu wawili, bila ya majina. Nikasema moyoni, jina si kitu. Mke wa mwanangu aliyenionyesha skrubu zangu dirishani atanijua. Na kama pana jambo baya ataniambia, au uso wake utaniambia." Akanyoosha mguu wake wa kushoto polepole. "Ukaingia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanisalimu, wanipikia, waniuliza habari za mguu. Nikamshukuru Mola. Nikasema basi, ni salama. Hawa wanipigiao wataka kumalizia makaratasi yao."

Nilihisi kama nilikuwa nimeufunga mlango kwa ndani nikidhani ninamlinda mtu, kumbe yeye yuko upande wa nje akisubiri nimfungulie. Niliweka kimya changu kwa uaminifu, au hivyo nilivyojidai, na yeye alikisoma kama majibu. Hakuna karatasi iliyonionya juu ya hilo.

"Baba, mimi siruhusiwi kusema," nikamwambia.

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. Kwa mtu aliyefanya ukarani maisha yake yote nadhani jibu lile lilimtosha. Kama lingekuwa jambo la heri ningepata njia ya kulisema. Nilikuwa nimevunja nusu ya kiapo changu bila ya kutaja kitu, na nilijua, na yeye alijua.

Baadaye akaniuliza kama mwanawe anajua. Nikasema hajui. Akasema vyema, atamwambia mwenyewe. Akanisimulia, macho yake kwenye maji, alivyoingizwa katika ile mashine. Alisema ni kama mwanandani wa kaburi, isipokuwa ina kelele. Alisoma Ayatul Kursi, akapoteza hesabu, akaanza upya. Walimpa kengele ya kubonyeza akizidiwa, akaishika mpaka kiganja kikaloa jasho, asiibonyeze, kwa kuwa aliona aibu kuwasumbua vijana wa watu. Nilimwambia wengi hubonyeza. Akasema laiti angelijua.

Mume wangu akarudi na mihogo, tukala.

Jumatatu baba mkwe aliipokea simu. Jumatano alikwenda kliniki na mwanawe. Vinyama vilichukuliwa, na majibu yalikuwa kama picha ilivyosema. Saratani ilikuwa bado imo ndani ya tezi, haijatoka. Daktari alisema zile wiki alizochelewa hazikubadilisha kitu. Nimelishikilia neno hilo, ila mimi nimesoma picha nyingi mno kuweza kuliamini kabisa. Alipewa sindano za kupunguza homoni, kisha matibabu ya mionzi, wiki baada ya wiki. Yalimchosha. Alipungua mwili, usiku na mchana akawa anahisi joto la ghafla kama la wanawake wa umri wangu, na siku moja aliniuliza, bila ya kunitazama, mimi hufanyaje likinijia. Nikamwambia kitambaa kibichi shingoni. Akashukuru.

Na mume wangu alikasirika. Si siku ile ya kuambiwa. Ilimjia baada ya mwezi, mzee akiwa katikati ya mionzi. Aliniuliza nililalaje ubavuni mwake siku zote zile. Nikamwambia juu ya karatasi mbili. Akasema yeye hakuoa karatasi. Tulikaa hivyo muda mrefu, tukiongea habari za shule za watoto na gesi iliyokwisha. Hatukupatana siku yoyote maalumu. Nyumba yetu si kubwa, na watu wanaopishana ngazi moja kila siku mwishowe huchoka kukwepana.

Utafiti uliendelea bila yangu. Msomaji wa tatu alifundishwa, picha zote nilizozisoma zikasomwa upya. Mimi nilihamishiwa kufundisha mafundi wa picha jinsi ya kumtayarisha mgonjwa kabla ya kuingia katika mashine. Nilidhani ni adhabu, na ilikuwa adhabu. Nawafundisha wamwambie kila mzee, kwa maneno hayo hayo, kwamba kengele ni yake na hapana aibu kuibonyeza. Na tangu hapo fomu ya ridhaa imeongezwa sentensi moja inayomwambia mshiriki kwamba msomaji wa picha, hata akiwa mtu wa nyumbani mwake, hatampa majibu, na kunyamaza kwake si jibu. Mkuu wa utafiti aliniita nimsaidie kuiandika. Ilituchukua alasiri nzima.

Mzee sasa yu hai na anakwenda darasa lake mpaka mwisho. Wenzake wa msikitini walimdadisi alikokuwa, na kwa namna ambayo sikuitarajia, akawaambia. Sasa huja barazani, wawili au watatu, baada ya Ijumaa, na yeye huwaeleza. Mimi huwa jikoni nyuma ya pazia, nikisikia. Huchanganya mambo. Wiki iliyopita aliwaambia kuwa mwenye picha safi hahitaji kurudi tena kwa daktari maisha yake yote. Nikaacha kukaanga. Mwanamke wa nyumba hatoki kwenda kuwasahihisha wanaume juu ya jambo kama lile. Nilisimama na mwiko mkononi, mafuta yakiungua.

"Mama," akaita kutoka barazani, "nimesema sawa?"

Nikaushusha moto. "La, Baba," nikajibu kutoka jikoni. "Hapo umekosea."

Nikasikia kiti kikisogezwa, na sauti yake ikisema waketi vizuri, wasikilize. Basi nikawaeleza, nikiwa nimesimama pale pale nyuma ya pazia, tangu mwanzo.